Mkataba ukijituma wenyewe, aliyesaini ni nani?

Swali: "Ofisi yetu ipo Mtwara mjini na kazi yetu ni kukodi malori ya watu binafsi kubeba korosho kutoka maghala ya Masasi, Newala na Nachingwea kwenda bandarini. Kazi zote tunaziweka Trello, kila safari na kadi yake, na mikataba ya wenye malori tunaisainisha kwa DocuSign. Msimu uliopita tuliziunganisha programu hizi kwa Zapier: kadi ikihamishiwa orodha ya 'Mkataba uende', mkataba unajituma, na ukishasainiwa kadi inahamia 'Ruksa kupakia'. Mwanzoni ilikuwa raha. Baadaye mwenye lori mmoja akapokea mkataba uleule mara tatu, mikataba miwili ikabandikwa kwenye kadi zisizo zake, na lori moja likapakia Nachingwea kabla bosi hajasaini. Wenye malori wengi hawana barua pepe, kwa hiyo karani wetu aliwafungulia na nywila anazo yeye. Sasa bosi anataka turudi kwenye karatasi, kwani anasema sahihi za kompyuta hazitambuliki mahakamani. Msimu unakaribia na mikataba hufika kama 40 kwa wiki. Tatizo ni programu, ni sisi, au ni wazo lenyewe?"

Ndugu muulizaji, swali lako limebeba maswali matatu yaliyofungwa pamoja, na nadhani ndiyo sababu mjadala hauishi ofisini kwenu. Lipo la sheria, ambalo bosi wako amelitolea hukumu haraka. Lipo la ufundi wa kuunganisha programu, ambalo ndilo linalokukera kila siku. Na lipo la barua pepe zilizofunguliwa na karani, ambalo wewe umeliandika kama maelezo ya kupita, lakini kwangu mimi ni zito kuliko hayo mawili mengine yakijumlishwa.

Nianze na bosi, kwa heshima zote. Si kweli kwamba sahihi za kielektroniki hazitambuliki Tanzania. Tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na kifungu chake cha 6 kinasema kwamba pale sheria inapotaka sahihi ya mtu, hitaji hilo linatimizwa na sahihi ya kielektroniki iliyo salama. Kifungu cha 7 kinaeleza usalama huo una maana gani: sahihi iwe ya pekee kwa shughuli husika, iweze kumtambulisha aliyesaini, iwe imetengenezwa na kuwekwa na msaini mwenyewe, iwe chini ya udhibiti wake, na iwe imefungamanishwa na waraka kwa namna ambayo badiliko lolote litakalofanywa baadaye litaonekana. Zaidi ya hapo, mkataba wa kawaida wa kukodi lori, kwa Sheria ya Mikataba tuliyonayo, hauwi batili kwa kukosa sahihi ya wino peke yake. Makubaliano ya hiari kati ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali, ni mkataba. Sahihi kazi yake kubwa hapo ni ushahidi: nani alikubali, alikubali nini, na lini.

Kwa hiyo mbele ya hakimu hoja kubwa haitakuwa kama sahihi ilipigwa kwa kalamu au kwa kidole kwenye kioo cha simu. Kifungu cha 18 cha sheria hiyohiyo kinataka, katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa, uadilifu wake ulivyolindwa, na aliyeitoa alivyotambuliwa. Hapa ndipo programu kama DocuSign inapoishinda picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye Word, jambo ambalo ofisi nyingi hulifanya na kuliita sahihi ya kielektroniki. Waraka uliokamilika hutoka ukiwa umefungwa kwa muhuri wa kidijitali ambao huonyesha kasoro mtu akibadilisha hata nukta, na hufuatana na cheti cha ukamilisho kinachoorodhesha anwani ya barua pepe ya kila msaini, saa aliyofungua, saa aliyosaini na anwani ya intaneti ya kifaa alichotumia. Cheti hicho kihifadhini kila mara pamoja na mkataba wenyewe. Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukiuchapa mkataba huo kwenye karatasi, ule muhuri unabaki kwenye kompyuta. Nakala yenye nguvu ni faili, na karatasi ni picha yake tu.

Sasa turudi kwa karani. Cheti kile kinaandika kwamba anwani fulani ya barua pepe ilifungua mkataba na kuusaini saa 4:12 asubuhi. Ikiwa anwani hiyo ilifunguliwa na karani wenu, nywila anazo karani wenu, na kiungo kilibonyezwa kwenye kompyuta ya ofisi yenu, basi uzuri wote wa ushahidi huo unageuka kuwa dhidi yenu. Mwenye lori akisema "mimi sijawahi kuuona mkataba huo," mtajibu nini? Anwani ya intaneti iliyoandikwa kwenye cheti itakuwa ni ile ya ofisi yenu, kwake na kwa bosi. Masharti mawili ya kifungu cha 7, la kuweka sahihi mwenyewe na la kuidhibiti mwenyewe, yanakuwa yamevunjwa kwa mpigo mmoja, hata kama karani ni mwaminifu na hata kama alimpigia mwenye lori simu akapata "sawa, endelea" kabla ya kubonyeza. Hapo ni mtu mmoja amesaini pande zote mbili za mkataba, na hakuna programu ya kuliponya hilo.

Naelewa jinsi mlivyofika huko. Mwenye Fuso wa Newala ana simu, ana WhatsApp, ana akaunti ya pesa ya simu, lakini barua pepe aliyofunguliwa aliponunua simu haikumbuki. Njia zipo. Baadhi ya vifurushi vya programu za sahihi vinaruhusu kiungo kutumwa kwa SMS kwenye namba ya msaini mwenyewe, kwa malipo ya ziada, na hilo kwa wateja wa aina yenu ndilo ningelilipia kabla ya kulipia kingine chochote. Njia ya pili ni kusaini ana kwa ana: mwenye lori anafika ofisini au mnamfuata ghalani, anapewa simu au kishikwambi, anasoma mkataba kwa Kiswahili, anasaini mwenyewe, na cheti kinaonyesha kwamba sahihi ilichukuliwa ana kwa ana na nani alikuwa mwenyeji wa zoezi hilo. Njia ya tatu ni kuongeza neno la siri la mara moja ambalo msaini anapelekewa kwa simu yake kabla waraka haujafunguka. Na kwa mzee asiyesoma, wekeni kompyuta pembeni: msomeeni mkataba mbele ya shahidi anayemwamini yeye, aweke dole gumba kwenye karatasi, na muuhifadhi mkataba huo kama mikataba ilivyohifadhiwa siku zote.

Baada ya hapo ndipo ufundi. Zapier ni tarishi: anabeba alichopewa na kukipeleka alikoelekezwa, wala hajui kama amekwisha kukipeleka jana. Anasikiliza tukio upande mmoja, na likitokea anafanya kitendo upande wa pili. Kila hitilafu uliyoitaja imezaliwa kwenye pengo kati ya alichoelekezwa tarishi huyu na kile ambacho ninyi mlidhani anakijua.

Mkataba uliokwenda mara tatu. Kichochezi chenu kinasema "kadi ikihamishiwa orodha ya 'Mkataba uende'." Mtu akiihamisha kadi kimakosa, akairudisha, kisha akaihamisha tena, matukio ni mawili na mikataba ni miwili. Programu ya Trello ya kwenye simu nayo huruhusu mtu kuhamisha kadi akiwa hana mtandao na kuyapeleka mabadiliko baadaye, kwa hiyo kadi iliyohamishwa mchana ghalani Newala inaweza kufika jioni, wakati mtu wa ofisini amekwisha kuihamisha kwa mkono wake na kuirudisha. Sababu ya tatu imejificha zaidi: tarishi anaiomba DocuSign iunde bahasha (ndivyo DocuSign inavyouita waraka unaotumwa kusainiwa), DocuSign inaiunda na kuituma, lakini jibu linapotea njiani. Kwa tarishi hiyo ni kazi iliyoshindikana, kwa hiyo mkibonyeza irudiwe, au mkiwa mmeruhusu ijirudie yenyewe, bahasha ya pili inatoka. Wengi hapa husingizia mtandao wa Mtwara. Mazungumzo kati ya Zapier na DocuSign hufanyika kati ya kompyuta zilizoko ng'ambo, na mtandao wenu hauhusiki nayo hata kidogo; unahusika pale mtu anapovuta kadi au anapofungua kiungo, basi.

Dawa yake ni moja kwa sababu zote tatu: kadi iwe na kumbukumbu ya kile kilichokwisha kutendeka. Ongezeni kwenye kadi sehemu maalumu iitwayo "Namba ya bahasha", ambayo kwenye Trello inapatikana katika vifurushi vya kulipia. Hatua ya kwanza ya mnyororo, yaani mfululizo wa hatua mliompangia tarishi ndani ya Zapier, iwe kuchungulia sehemu hiyo; ikiwa ina chochote ndani, mnyororo usimame palepale. Ikiwa ni tupu, mnyororo uandike humo neno "inatumwa" kabla haujaigusa DocuSign, kisha bahasha ikishaundwa, neno hilo lifutwe na namba halisi iandikwe. Mpangilio huo ni wa makusudi. Mkiandika namba baada ya kutuma peke yake, jibu likipotea kadi inabaki tupu na kosa linarudi lilelile; mkitanguliza "inatumwa," kadi iliyokwama inabaki na neno hilo, na mtu anayeiona anajua kwamba lazima aingie DocuSign kutazama kwa macho kabla ya kurudia. Kutuma tena kwa hiari, mathalani namba ya lori ilipokosewa, kuwe ni kazi ya mtu mmoja aliyeteuliwa: anaibatilisha kwanza bahasha ya zamani, ndipo anafuta namba kwenye kadi.

Mikataba iliyobandikwa kwenye kadi za wengine ni kosa ambalo nalikuta kila mahali, na chanzo chake ni kutafuta kadi kwa jina. Mkataba ukirudi, mnyororo wenu unaiambia Trello "nitafutie kadi yenye jina la mwenye lori huyu," na Trello inaleta ya kwanza inayofanana. Mwenye lori mmoja akiwa na safari tatu wiki moja, au wenye malori wawili wakiwa na jina moja na la baba moja, jambo ambalo katika ukanda wetu huu halihitaji maelezo, mkataba utaangukia popote. Namba ya lori ni afadhali kidogo, lakini lori lilelile linaweza kuwa na kadi mbili zilizo wazi kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa ni kitambulisho kisichojirudia kabisa, nacho mnacho tayari: kila kadi ya Trello ina kiungo kifupi chenye herufi na tarakimu nane baada ya "/c/", ambacho hakibadiliki hata mkibadilisha jina la kadi. Wakati bahasha inaundwa, chukueni herufi hizo nane mziweke kwenye sehemu ya ziada ya bahasha ndani ya DocuSign. Mkataba ukikamilika unarudi ukiwa umezibeba, na mnyororo unakwenda moja kwa moja kwenye kadi hiyo bila kutafuta wala kubahatisha.

Lile lori la Nachingwea nitalikalia kidogo, kwa sababu hapo hasara ingekuwa ya fedha. Bahasha ya DocuSign hupita hali kadhaa. Inatumwa, inafunguliwa na msaini, hali ambayo kwenye kioo huandikwa "Delivered" na kuwapotosha wengi wanaodhani inamaanisha barua imefika tu, msaini mmoja anamaliza sehemu yake, na mwisho kabisa, wote wakishamaliza, bahasha inakuwa "Completed". Kwa ulivyoeleza, mnyororo wenu unasikiliza badiliko la bahasha, au kumaliza kwa msaini mmoja, bila kuchuja hali ya mwisho. Mwenye lori aliposaini, tarishi alitii, kadi ikahamia "Ruksa kupakia", mtu wa ghalani akaona alichozoea kukiona, na magunia yakapanda. Bosi alikuwa hajasaini, maana yake ofisi yenu ilikuwa haijaridhia masharti ya upungufu wa uzito, unyevu na kuchelewa njiani. Kichujio cha hali ya "Completed" kitaziba tundu hilo, pamoja na mpangilio wa usainishaji ambapo mwenye lori anatangulia na bosi anafuata.

Hata hivyo, mimi nisingeiachia kompyuta hatua hiyo ya mwisho, hata ikiwa na kichujio. Mkataba ukikamilika, mnyororo uihamishie kadi kwenye orodha ya "Ihakikiwe", na mtu mmoja afungue faili, aone sahihi mbili, alinganishe namba ya lori iliyo kwenye mkataba na iliyo kwenye kadi, ndipo aivute kwa mkono kwenda "Ruksa kupakia". Ni kazi ya dakika moja. Kupakia korosho kwenye gari la mtu ni tendo ambalo halirudishwi kwa kubonyeza kitufe, na kanuni ninayoifuata katika kazi zangu ni kwamba mnyororo unaruhusiwa kufanya peke yake kila kinachoweza kutenduliwa, na lazima usimame umsubiri mtu mbele ya kile kisichotenduliwa. Wapo wenzangu wanaoliona hilo kuwa ni ukale. Waacheni.

Sasa lipo jambo ambalo hukuliuliza. Mikataba 40 kwa wiki, kwa msimu unaoanza Oktoba na kuendelea hadi mwezi wa kwanza, ni zaidi ya 600. Vifurushi vya kawaida vya DocuSign vya kulipia kwa mwaka huwa na kikomo cha bahasha 100 kwa kila mtumiaji, na bahasha inahesabiwa pale inapotumwa, hata kama mmeibatilisha dakika tano baadaye. Ule mkataba uliojituma mara tatu ulikula bahasha tatu. Tena zinazotumwa na mashine mara nyingi zina kikomo chake chenyewe, kidogo kuliko cha zinazotumwa kwa mkono, kwa hiyo someni masharti ya kifurushi chenu kabla ya Oktoba ili msije mkazuiwa katikati ya wiki yenye mnada.

Lakini swali la msingi zaidi ni kwa nini mwenye lori yuleyule asaini mkataba mpya kila safari. Masharti yanayohusu upungufu, ajali, kuchelewa, siku za malipo na mahali pa kutatua mgogoro hayabadiliki kati ya Jumatatu na Alhamisi. Andikeni mkataba mmoja wa msimu kwa kila mwenye lori, asaini mara moja kwa utulivu, na mkataba huo useme kwamba kila safari itaongozwa na hati ya safari yenye tarehe, ghala, uzito, nauli, namba ya lori na jina la dereva, ambayo mwenye lori ataikubali kwa ujumbe kutoka namba ya simu iliyotajwa ndani ya mkataba. Mkiwa na wenye malori 60, mna bahasha 60 kwa msimu mzima badala ya mia sita na ushee, mnapata muda wa kusaini na kila mmoja ana kwa ana bila barua pepe za kubuni, na mnyororo unabaki na kazi nyepesi ya kujaza hati ya safari kutoka kwenye kadi. Ningekuwa mimi, hili ningelifanya kabla ya kugusa mpangilio wowote wa Zapier.

Mkishafika hapo, uamuzi wa chombo gani cha kuunganishia unakuwa mwepesi. Kwa bahasha 60 kwa msimu, kutuma kwa mkono kunawezekana kabisa, na orodha ya kukagua ndani ya kadi ya Trello inatosha. Sioni aibu kuwaambia wateja kwamba hawahitaji kuniajiri. Mkibaki na mkataba kwa kila safari, Zapier inafaa kwa sababu karani anaweza kuisoma na kuielewa, ingawa inahesabu kila kitendo na bili hukua na msimu. Make inafanya kazi hiyohiyo na huonyesha mtiririko mzima kama mchoro, jambo linalosaidia kutafuta palipokatika, lakini inadai uvumilivu zaidi kujifunza. n8n unaweza kuiweka kwenye kompyuta yenu wenyewe, na watu wa ufundi huipenda, ila mnahitaji mtu wa kuilinda, kuisasisha na kuinusuru umeme ukikatika. Kwa ofisi ya ukubwa wenu nisingeishauri. Vyovyote itakavyokuwa, akaunti inayounganisha programu iwe ya ofisi. Ikiwa ni ya karani binafsi, siku atakayobadilisha nywila au kuacha kazi mnyororo utakufa kimya kimya, na mtagundua pale mwenye lori atakapopiga simu kuuliza mkataba wake. Mpangieni mtu apokee taarifa za kushindikana kwa mnyororo kwenye simu yake, na ajaribu kila badiliko kwenye akaunti ya majaribio ya DocuSign, ambayo ni ya bure na nyaraka zake zina alama ya kuonyesha kwamba si halali.

Wekeni pia utaratibu wa siku ambayo intaneti haipo. Mnaikumbuka Mei 2024, pale nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 na nchi ikabaki inasuasua kwa siku kadhaa, wiki moja tu baada ya kimbunga Hidaya kukata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Siku kama hizo mikataba ya karatasi yenye maneno yaleyale, iliyochapwa mapema na kukaa kwenye droo, inawatosha. Kadi inaandikwa "karatasi" kwenye sehemu ya namba ya bahasha, ili mtandao ukirudi mnyororo usije ukaituma tena.

Kuhusu taarifa za watu, ninyi mnakusanya namba za vitambulisho vya taifa, namba za simu na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu kama inavyoihusu benki, na inataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo ina masharti pia kuhusu taarifa kupelekwa nje ya nchi, nako ndiko programu zenu zote tatu zinakozihifadhi. Kwa vitendo: msibandike mkataba mzima kwenye kadi ambayo kila mtu wa ghalani anaiona. Hifadhini faili kwenye folda yenye ruhusa chache, na kwenye kadi muweke kiungo tu. Hakikisheni pia ubao wenu wa Trello haujawekwa kuwa wa wazi, kwani ukiwa wa wazi, yeyote mwenye kiungo anausoma.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatayatosheleza, na ningependa mwende kwa mtu ana kwa ana. Kiolezo cha mkataba wa msimu na cha hati ya safari kipelekeni kwa wakili kabla hakijasainiwa na mtu wa kwanza; mwulizeni pia juu ya ushuru wa stempu, kwa kuwa waraka unaopaswa kulipiwa ushuru huo usipolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi, uwe wa wino au wa kielektroniki. Mkiwa na nyaraka za ardhi, rehani, dhamana ya mkopo au hati ya uwakilishi, msizipitishe kabisa kwenye mnyororo huu. Hizo zina taratibu za kushuhudiwa na kusajiliwa, na anayezifanyia majaribio hulipa gharama kubwa. Mwenye lori akianza kukana mkataba wa msimu uliopita, msimpigie kwanza kubishana naye. Pakueni bahasha husika pamoja na cheti chake, msibadilishe chochote kwenye kadi, na mfike kwa wakili mkiwa na vyote viwili.

Ile mikataba ambayo karani aliisaini kwa barua pepe alizozifungua yeye ndiyo ningeishughulikia wiki hii, kabla ya mengine yote. Itengeni, muiorodheshe, na kwa kila safari ambayo malipo au madai hayajamalizika, mwiteni mwenye lori athibitishe kwa maandishi, kwa mkono wake au kwa simu yake, kwamba aliyajua masharti na aliyakubali. Wengi watakubali bila neno, kwa sababu walilipwa na kazi ilifanyika. Karani naye akabidhi nywila zote kwa wenyewe, na akaunti ambazo wenyewe hawazitaki zifungwe. Msimgombeze sana: alipewa fomu inayodai barua pepe na watu wasio na barua pepe, na ofisi nzima ilikuwa inaona.

Kwa bosi, mwambieni kwamba karatasi haina ubaya na itabaki kwenye droo, lakini isichukuliwe kama dawa ya makosa haya. Lori la Nachingwea lingeweza kupakia kabla ya sahihi yake hata kwa karatasi, ikiwa mtu wa ghalani anatazama alama ya ruhusa na hautazami mkataba wenyewe.